Toba ya Yonazi wa Upande wa Pili

Mimi wageni wa Lango siwapendi, na kazi yangu ni kuwapokea. Wanafika wamekunja uso kwa kichefuchefu, wanaomba maji, halafu wanaanza kushangaa kila kitu. Mara kumbe huku lile jengo bado lipo, mara kumbe huku fulani hakuolewa. Nawaambia mapema kabisa: hapa hujarudi nyumbani, hapa umetembelea. Kunywa maji yako, tulia, nisikilize.

Kwa hiyo siku Mama Yonazi alipokuja mbele ya baraza la wazee wa kanisa kuomba tumwitie mwanawe kutoka Upande wa Pili, ile dunia pacha iliyo ng'ambo ya Lango, wa kwanza kukataa nilikuwa mimi. Nimo kwenye baraza hilo. Ni mzee wa kanisa, ingawa ni mwanamke na mvi zenyewe ndiyo kwanza zinachungulia. Tena nilikuwa na sababu yangu, na kila mtu pale mezani aliijua. Mdogo wangu Nietiwe alikuwa mmoja wa wanakwaya saba waliokufa ndani ya lori aliloliendesha Yonazi.

Kwaya ilikuwa inakwenda kwenye mashindano ya dayosisi. Lori liliombewa uwanjani hapo kanisani, Mchungaji Mgonja akaweka mikono juu ya boneti, watu wakaimba, likaondoka. Kwenye kona za kushukia bondeni likakataa kusimama. Yonazi akatolewa mguu umevunjika. Jioni ile mtu mmoja akasema alinusa pombe kinywani mwake, na kesho yake nusu ya usharika ilikuwa imeinusa, hata ambao hawakumsogelea. Sasa tungesemaje? Safari imeombewa, na watu wamekufa. Kwamba Mungu alisikia maombi akageukia kwingine? Ilibidi ndani ya lori lile awemo mwenye dhambi, na dereva ndiye aliyebaki wa kuulizwa.

Mchungaji alimtaka atubu ulevi mbele ya usharika. Yonazi akasema hakunywa. Akaulizwa, basi ilikuwa nini? Akanyamaza. Akatengwa. Miaka miwili baadaye akafa kwa homa ya mapafu, akazikwa anavyozikwa aliyetengwa: hakuna kengele, hakuna kanzu ya mchungaji, hakuna kwaya. Mama yake aliimba peke yake pale migombani, na sisi tulimsikia tukiwa majumbani mwetu.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya baraza, amezeeka ghafla, anasema anataka yule Yonazi mwingine aje asimame mbele ya watu aseme. Mchungaji alimjibu kwa upole kwamba toba ni ya mtu mwenyewe. Huyo wa huko ni mtu mwingine. Mzee mmoja akasema mbona ubatizo wao ni mmoja, si walibatizwa kabla dunia hazijawa mbili? Mwingine akadakia kwamba basi na dhambi ni moja. Tukabishana hivyo mpaka chai ikapoa. Mama Yonazi alituacha tuchoke, kisha akauliza:

"Kama mtu hawezi kusimama mahali pa mwingine, ule msalaba pale mbele tumeuweka wa nini?"

Mchungaji akafunga Biblia yake. Ikapita kwamba aitwe, na kwamba akitubu, Yonazi wetu atahesabiwa amerudi kundini, kengele ipigwe na kaburi liombewe. Mimi nikanyoosha mkono wa kukataa, peke yangu, tukaenda nyumbani.

*

Lango la Ikongwe limo ndani ya kiwanda cha zamani cha kahawa. Ukiingia unakuta pete za shaba zimepangwa moja nyuma ya nyingine, zinanguruma mpaka meno yanawasha, na katikati kuna ukungu mweupe usiotikiswa na upepo. Mtu hupita humo ikiwa tu mwenzake wa upande anaokwenda amekwisha kufa. Wataalamu wana hesabu ndefu za kueleza hilo. Sisi wa zamu tunasema tu kwamba lazima nafasi yake iwe wazi. Ndiyo maana wageni wetu wote ni watu tuliokwisha kuwazika, na ndiyo maana kazi hii inazeesha.

Asubuhi ya Jumapili iliyopangwa Yonazi wa huko alitoka kwenye ukungu akitembea vizuri, na hilo liliniuma kabla hata hajafungua mdomo. Yonazi wetu alichechemea mpaka anakufa. Huyu alikuwa na miguu yake yote, amevaa suti ya kanisani, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, dada Namsifu," akasema.

Nikaitikia, kwa sababu salamu ni salamu. Nikampeleka chumba cha mahojiano, nikamsomea Sheria ya Ukimya: mgeni haruhusiwi kusema jambo la kwao linaloweza kumtia mtu wa huku hatiani. Watu huona sheria hii ni ya ukatili. Hawajui kwamba mwaka wa kwanza wa Lango, mgeni mmoja alimnong'oneza shemeji yake kwamba kule kwao mke ndiye aliyemwekea mumewe sumu. Yule mwanamke wa huku, ambaye hakuwa amefanya chochote, hakuiona kesho yake. Tangu hapo tunasoma sheria neno kwa neno, na mgeni anatia sahihi.

Nikamwambia pia kwamba muda wake ni mpaka mchana. Baada ya hapo mwili huanza kukataliwa, na dalili ya kwanza ni damu puani. Akasema anajua. Kisha akaweka kalamu chini bila kusaini.

"Dada, kuna jambo nisipolisema kwa mtu nitapasuka."

Ilinipasa nimrudishe saa ile ile. Sikumrudisha, nikakaa.

Akanieleza polepole, macho kwenye kofia yake. Jioni ya kuamkia safari alikwenda kulikagua lori. Akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akaenda kumwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba safari haiwezekani mpaka fundi aje. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa mama yake. Naye akamwambia lori litawekewa mikono asubuhi, kwaya imefunga na kuomba wiki nzima, asiwaletee shetani wa mashaka.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Lango liliwashwa mara ya kwanza asubuhi ile ile ya safari. Najua, maana nilikuwapo, nikijifunza kazi. Ndiyo sababu sikupanda lori na mdogo wangu. Kabla ya dakika ile dunia ilikuwa moja na kila mtu alikuwa mmoja. Basi jioni ile aliyokuwa akinisimulia haikuwa ya kwao tu. Ilikuwa ya kwetu pia. Yonazi niliyemchukia miaka yote hiyo alikanyaga pedali ile ile na kusikia maneno yale yale.

Nikamuuliza kuhusu pombe. Akasema mpaka anashika ufunguo asubuhi ile alikuwa amekunywa chai ya rangi tu, na Mungu ni shahidi. Alisimama nyuma ya kanisa, ufunguo mkononi, mama yake anamwita. Hapo ndipo walipoachana, yeye na wetu. Wetu alikwenda akawasha lori. Huyu aliutupa ufunguo ndani ya choo cha shimo.

"Kwaya haikwenda," akasema. "Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo hakuna aliyejua. Mama alisimama kanisani akasema amezaa mtoto asiye na imani. Hakula tena nyumbani kwangu. Amekufa mwaka jana hajasema na mimi. Nietiwe yupo, dada, bado anaimba sauti ya…"

Nikamwambia anyamaze. Sisi wa zamu haturuhusiwi kuwaita watu wetu, wala kuuliza habari zao, na siku zote nilikuwa nimeweza. Nilisimama nikaelekea dirishani nikakaa huko kidogo, sikufichi, nikilia bila sauti na kumkasirikia yeye kwa kuniliza.

Niliporudi aliniuliza afanye nini. Akitubu ulevi, atakuwa amesema uongo madhabahuni, na marehemu atabaki na jina la mlevi milele. Akisema kweli, ataliangusha jambo zima juu ya kichwa cha mama mzee, halafu yeye apite zake kwenye ukungu atuachie.

Nilitaka aseme. Sikutaka kwa ajili ya haki, niseme ukweli wangu. Chuki yangu ilikuwa imefukuzwa nyumba moja asubuhi ile na ilikuwa inatafuta nyingine. Nikamsogezea karatasi asaini, nikamwambia:

"Kanisani sivai sare. Utakachosema huko, mwangalizi wa Lango hatakuwa amekisikia."

*

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Mama Yonazi aliwekwa benchi la mbele. Alipomwona mwanawe alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza upande huu na upande ule. Watu wakaanza kulia hata kabla ya wimbo wa kwanza.

Mchungaji Mgonja alieleza kwa kirefu. Akasema jambo hili halina mfano katika vitabu vya ibada, na kwamba kama tunakosea, basi tunakosea kwa kutaka kurehemu. Akamwita Yonazi mbele, akamuuliza kama anakiri mbele za Mungu na mbele ya usharika huu jambo ambalo kwalo alitengwa.

Yonazi alimtazama mama yake, naye mama alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, taratibu, kama anayemhimiza mtoto aliyesahau shairi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Moyoni nasema, sema basi, sema.

"Mimi Yonazi," akasema, "nilikunywa. Watu saba walikufa mikononi mwangu, nami nikakataa kukiri. Naomba mnisamehe."

Loo. Kanisa zima likaachia pumzi. Kuna mama mmoja aliyepoteza binti, alikwenda mbele akapiga magoti pale pale. Mchungaji akamwekea Yonazi mkono kichwani akatamka maneno ya kumrudisha kundini, na kengele, ambayo haikupigwa siku ya mazishi, ikaanza kulia.

Kwa desturi yetu, anayerudishwa kundini hupewa mkono na wazee wote wa kanisa, mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu watu walinyoosha shingo, wakijua mimi ni dada wa nani. Nikampa mkono. Wake ulikuwa wa baridi na aliubana sana. Nilitaka kumuuliza, kwa nini? Nilitaka pia kumpiga kibao. Watu wakaona nalia wakadhani nimesamehe, wakapiga makofi.

Mama Yonazi hakulia. Alikuwa amekaa anatazama sakafu, na alionekana kama mtu aliyefungiwa mlango.

*

Maandamano yakaelekea migombani, kwaya mbele, mchungaji na kanzu yake nyeupe. Mimi nilifuata nyuma kabisa na mgeni wangu, kwa sababu mgeni haachwi peke yake. Kwenye mfereji wa maji Mama Yonazi alikuwa anatungoja. Aliwaacha watu wapite, kisha akamshika mwanawe mkono akamvuta pembeni. Nikasogea hatua chache, lakini niliwasikia, na yeye alijua nawasikia.

"Umesema uongo madhabahuni," akamwambia.

Yonazi akasema alifanya hivyo kwa ajili yake.

"Najua. Na mwenzako aliyelala pale alifanya kwa ajili yangu. Nani kati yenu aliniuliza?"

Mama akaendelea kwa sauti ya chini isiyokuwa na hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Akasema miaka yote ametaka kusimama aseme, na kila akisimama ulimi unakufa. Alimwona mtoto wake akitengwa, akanyamaza. Alimfukia, akanyamaza. Mwishowe akapata wazo: aje huyu wa Upande wa Pili, ambaye ataondoka na hana cha kupoteza hapa. Yeye ndiye aseme. Mama ataulizwa tu kama ni kweli, naye aitikie. Kuitikia angeweza.

"Niliwaambia baraza aje aseme. Toba wameileta wao. Nikakutikisia kichwa pale kanisani, nikadhani umeelewa."

"Nilidhani unaniomba nikufunike, mama."

"Mmenifunika wote wawili," akasema. "Nitatokea wapi sasa?"

Yonazi akaanza kulia, na damu ikaanza kumtoka puani, kidogo, kisha zaidi. Nikamwambia muda umefika. Mama akachukua pindo la kanga yake akampangusa, naye katika kupanguswa akamsimulia haraka haraka, kama mtoto, habari ya ufunguo na choo cha shimo, na yule mama wa kule aliyekufa amemnunia. Sheria ya Ukimya ilikuwa imekwisha kuvunjwa vipande vipande na mimi nimesimama hapo hapo.

Mama Yonazi aliacha kupangusa. "Ulipoutupa ulifanya vizuri," akasema. "Mama yako alikosea, na hakukuomba radhi. Mimi ndiye yeye. Nisamehe, mwanangu."

Yonazi akasema amemsamehe. Alilisema mara moja tu, na sauti yake ilikuwa imenyooka. Mwenzangu wa zamu alikuwa amekuja na machela, lakini Yonazi akakataa kulala, akaenda kwa miguu yake kuelekea kiwandani, kofia kifuani, hakugeuka. Ningepaswa kwenda naye. Nilibaki, nikamfuata mama mpaka kaburini.

Watu walikuwa wamekwisha kuzunguka. Mchungaji alikuwa anafunua kitabu. Mama Yonazi akapita katikati yao mpaka kwenye udongo wenyewe, akageuka, akasema anataka kusema. Wakampisha kwa heshima.

"Mwanangu hakunywa," akaanza. "Aliniambia breki hazishiki. Mimi ndiye…"

Mwalimu Kiangi, kiongozi wa kwaya, ni mtu mwema. Alimwona mama amezidiwa na machungu ya siku, akafanya tunachofanya siku zote mfiwa akizidiwa: akainua mkono, akaanzisha wimbo. Kwaya ikapokea. Sauti nne, nzuri kabisa, zikamfunika yule mama mdomo wake ukiwa bado unatembea.

Nikampita mchungaji, nikamshika Mwalimu Kiangi mkono wake nikaushusha. "Mwacheni aseme," nikawaambia. Wimbo ukafa vipande vipande, sauti ya nne ikiwa ya mwisho.

Akasema. Alisema yote, ya jioni ile, ya pedali, ya shetani wa mashaka. Alitaja majina ya marehemu wote saba, la Nietiwe likiwa la tatu. Alipomaliza watu walikuwa wanatazama viatu vyao.

Mchungaji Mgonja akamsogelea akamshika bega. "Mama, umechoka," akasema. "Jambo hili leo limekwisha. Mwanao mwenyewe amekiri, sote tumesikia." Na wengine wakaitikia kwa kuguna, ndiyo, amechoka, maskini, apelekwe nyumbani apewe uji. Sikuona ubaya usoni mwa hata mmoja wao. Walikuwa na mwenye dhambi wao tayari, ametubu, amesamehewa, wamempigia makofi, na safari iliyoombewa ilikuwa imepata maelezo. Wa pili hawakumhitaji. Mchungaji aliomba kwa ufupi, akambariki marehemu, na watu wakaanza kushuka kwa makundi, wakizungumza habari ya chakula.

Tukabaki wawili. Alikuwa amesimama juu ya kaburi la mwanawe, kanga ina damu ya yule mwingine.

"Nietiwe alikuwa mdogo wako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi sema kitu."

Nilitafuta ndani yangu neno ambalo mzee wa kanisa anapaswa kuwa nalo, sikulikuta. Chuki niliikuta, imekaa, imechoka. Kumwambia nimemsamehe kungekuwa uongo wa pili siku hiyo, na nilikuwa nimeona wa kwanza ulichomfanyia.

"Nimesikia," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemwambia aendeshe, na Nietiwe akafa."

Akafumba macho. Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.